Kufuli Jepesi

Mama Jepkemboi alishika sikio moja la gunia, Mzee Kituyi akashika la pili, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Ndani mlikuwa na mbegu za mahindi zilizopakwa dawa, nyekundu kama kucha za bibi harusi, na hilo lilikuwa gunia la mwisho stoo. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kuanguka. Mashamba yote yaliyouzunguka mji wa Eldoret yalikuwa yamelimwa, yakakaa wazi, yakingoja. Mkono wa pili wa kila mmoja wao ulipunga kibali. Vibali vilitoka kwenye printa moja, na nambari ya gunia ilikuwa moja.

"Mzee, mimi nimepewa na kompyuta," Mama Jepkemboi alisema.

"Na mimi nimepewa na nani, mama? Na shetani?"

Wamucii aliwatazama kupitia kioo cha chumba cha mashine. Programu ile ya kugawa mbegu aliiandika yeye, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na aliijua kama mtu anavyojua makovu yake.

Kibali cha Mama Jepkemboi kilipigwa na Benta, karani wa dirishani. Cha Mzee Kituyi kilitoka kwenye kibodi ya Bwana Kinyanjui, meneja, ambaye ofisini kwake aliwahudumia wale ambao haikufaa wasimame na wengine. Meneja hakuhitaji kufikiri sana. "Huyu mwanamke anauza mbegu kando," alisema, na kabla chai haijaletwa Benta alikuwa ameambiwa aende nyumbani, arudi Ijumaa kukabidhi funguo za stoo.

Akipita karibu na kioo, Benta alisimama. Tangu Wamucii alipofika kutoka chuoni alikuwa akimwita Profesa, kwa utani wa dada mkubwa. Siku hiyo utani haukuwemo.

"Profesa, wewe ndiye unajua vile hiyo kitu inafikiria. Si uiulize kama mimi ni mwizi?"

Wamucii alifungua mdomo. Sauti, kama kawaida yake, ilikawia njiani, na ilipofika Benta alikuwa amekwisha kwenda.

Akaiuliza. Alikuwa ameipa kila kibodi uzi wake wa kazi, yaani mfuatano wake wa amri, na nyuzi zote zilipokezana zamu ndani ya mashine moja, saa ya ndani ikikata huu na kuruhusu ule, haraka kiasi kwamba kila karani alidhani mashine ni yake peke yake. Ili nyuzi mbili zisiguse gunia moja kwa wakati mmoja, Wamucii aliunda kufuli kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Uzi unaotaka gunia huangalia kufuli. Ukilikuta wazi, huingia na kulifunga. Ukilikuta limefungwa, hungoja. Mwanzoni kila uzi ulipotaka kuligusa ulisimamisha kwanza ile saa ya ndani. Lilikuwa kufuli zito. Wakulima walilalamika, meneja akafoka kwamba hata mkokoteni una mbio kuliko kompyuta hiyo. Basi Wamucii akaondoa ule mzigo wa kusimamisha saa, akafupisha kila kitu kikawa mstari mmoja, mzuri, mwembamba. Mashine ikakimbia. Meneja alimpigia makofi mbele ya wafanyakazi wote, na yeye akatazama viatu vyake huku moyo ukimruka kwa furaha.

Sasa aliusoma mstari ule hadi herufi zikaanza kucheza. Haukuwa na kosa. Alijifanya makarani wawili, akibonyeza kibodi hii na kukimbilia ile. Gunia likaenda kwa mmoja, kama ilivyopasa. Akarudia. Akarudia tena mpaka vidole vikauma, na kila mara mashine ilimjibu kwa adabu ya mtoto aliyeona fimbo. Akaingiza amri za kuchapisha kila hatua kwenye skrini ili aone wanapogongana. Hawakugongana. Alipoziondoa, bado hawakugongana. Alitamani kuipiga teke.

"Umepata nini?" meneja aliuliza akipita.

"Bado, bwana."

"Hutapata. Mashine haina jamaa wa kulisha."

Ijumaa asubuhi, kule ploti yao ya vyumba vya kupanga, mtaa wa West Indies, Wamucii alichungulia dirishani akaona bafu la pamoja liko wazi. Desturi ya ploti ilikuwa kutundika taulo mlangoni kwanza, kisha ndipo ukafuate maji. Lakini alikuwa amechelewa, na bafu si lilikuwa wazi? Akachukua karai, sabuni na taulo, akatoka. Alipofika, Namalwa wa chumba cha pili alikuwa ndani, anaimba.

"Haki, Namalwa! Si nimeona iko wazi saa hii?"

"Hata mimi nimeona iko wazi! Tofauti ni mimi nimeingia."

"Sasa niende kazini na jasho ya jana?"

"Enda hivyo. Kwani kompyuta inanusa?"

Wamucii alisimama na karai lake, amekasirika hadi machozi yakamlenga. Wote wawili walikuwa wameliona liko wazi. Aliweka karai chini. Ule mstari wake mmoja mwembamba, mashine haikuwa ikiutekeleza kama mstari mmoja. Iliuvunja: kwanza kuangalia, kisha kufunga. Katikati palibaki ufa, na saa ya ndani, ambayo yeye mwenyewe aliacha kuisimamisha ili asifiwe, ingeweza kukata zamu hapo hapo. Uzi wa kwanza umeona pako wazi lakini haujafunga; uzi wa pili unakuja, nao unaona pako wazi. Alienda kazini bila kuoga.

Hakuweza kuungoja ufa ule ujitokeze wenyewe. Akaupanua. Kati ya kuangalia na kufunga aliiambia programu isinzie kidogo, kisha akabuni gunia la uongo kwa ajili ya majaribio, akamweleza meneja habari ya ufa na kumwomba aketi kwenye kibodi yake. Yeye alikaa kwenye ya Benta. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, wakaonana.

"Bonyeza, bwana."

Kwenye skrini zote mbili yakatokea maandishi ya kijani: IMEKUBALIWA. Printa ikatapika vibali viwili.

Bwana Kinyanjui alivichukua, akalinganisha nambari zake. "Umeweka huo ufa mwenyewe."

"Sikuuweka leo. Ulikuwako tangu nilipofanya mashine iwe na mbio. Leo nimeupanua tu, uonekane." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia. "Nimeshaandika kufuli jipya. Linatumia amri moja ya mashine, inayoangalia na kufunga kwa mpigo, haikatwi katikati. Na uzi ukikuta pamefungwa hausumbui kwa kuuliza kila mara. Unalala kwenye mlolongo, unaamshwa zamu yake ikifika."

Meneja aliinua macho haraka, akaitazama picha ya Rais iliyotundikwa ukutani. Tangu uchaguzi wa mwaka juzi, ambapo watu walipanga mistari nyuma ya wagombea na mahali pengine mstari mfupi ukatangazwa mshindi, neno mlolongo halikutamkwa ovyo maofisini.

"Sema foleni," alisema kwa sauti ya chini.

"Foleni."

"Weka hilo jipya leo. Na haya mengine yaishie hapa."

"Na Benta?"

"Barua ya kumfuta kazi imeshaenda Nairobi."

"Lakini si mwizi. Umeona."

"Wamucii, mashine hii ilikatiwa utepe na DC, mkuu wa wilaya mwenyewe. Alitoa hotuba, akapigwa picha. Sasa unataka niandike kwamba DC alizindua kitu kibovu? Wewe ni mtoto. Utajifunza." Akachukua koti, akatoka kwenda kunywa chai ng'ambo ya barabara.

Wamucii alibaki na disketi ya kufuli jipya mkononi. Kazi ya kuliweka ilikuwa ndogo. Akishaliweka, ufa ungezibika, na hakuna mtu mwingine ambaye angejua kwamba uliwahi kuwako. Nje, kwenye benchi, Mama Jepkemboi na Mzee Kituyi walikuwa wamerudi tena kulidai lile gunia, wamekaa mbali mbali kama waliotalikiana. Benta alikuwa akiingia getini, sweta mkononi, funguo za stoo zikilia kwenye kidole.

Aliweka disketi kwenye droo, akabuni gunia jingine la uongo. Akafungua mlango wa kioo.

"Mama Jepkemboi. Mzee Kituyi. Ingieni."

Hawakusikia. Akajaribu tena, na safari hii sauti ilimtoka kubwa hadi wapakiaji wa stoo wakageuka. Wazee wawili wakainuka, wakamfuata wakisitasita. Alimkalisha Mama Jepkemboi kwenye kiti cha Benta. Akamkalisha Mzee Kituyi ofisini, kwenye kiti cha meneja, naye mzee akakikalia nusu, kama mtu anayejua atafukuzwa.

"Kila mmoja abonyeze kitufe nilichomwonyesha. Pamoja."

"Haitulipukii?" Mzee Kituyi aliuliza.

"Bonyeza, mzee," Mama Jepkemboi akaita kutoka upande wa pili. "Kwani unaogopa nini, na gunia uliling'ang'ania?"

Wakabonyeza. Wapakiaji walikuwa wamejazana mlangoni. Mama Jepkemboi alisoma neno lile la kijani kwa sauti, silabi kwa silabi. Kutoka ofisini, Mzee Kituyi akalisoma lile lile. Printa ikatoa vibali viwili. Bwana Kinyanjui alikuwa akivuka barabara kwa haraka, koti halijavaliwa vizuri.

Benta aliwapenya wapakiaji, akaitazama skrini moja, akaitazama nyingine, akamtazama Wamucii. Mama Jepkemboi akainuka kumpisha, na Benta akalitundika sweta lake nyuma ya kiti chake.