Mlio Mdogo wa Solenoidi

Sagynbek na mkewe Anarkul ni majirani zangu hapa mjini Karakol, chini ya milima. Uzio unaotutenga ni wa mbao kuukuu zenye matundu, kwa hiyo mengi ya kwao nimeyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona Anarkul alinisimulia mwenyewe tulipokuwa tunaanika aprikoti kwenye paa la banda langu.

Sagynbek ni fundi wa giaboksi za otomatiki. Magari yetu mengi huku yametoka Japani yakiwa yamekwishachoka, na gari la namna hiyo likianza kushtuka linapobadili gia, au likinasa gia ya tatu na kukataa kutoka, mwenyewe huambiwa alipeleke nyuma ya soko la mifugo, kwenye karakana ya bati ya Sagynbek. Mafundi wengine hukimbilia kutoa giaboksi nzima. Yeye huanza na solenoidi.

Mimi kazi yangu ni kushona mazulia ya manyoya ya kondoo, vyuma sivijui. Siku moja nilimuuliza hiyo solenoidi ni mdudu gani. Akanifungulia kiganja. Kilikuwa kidude cha kutosha mkononi kama kikombe cha yai, chenye plagi ya waya upande mmoja.

"Ndani kuna waya wa shaba umezungushwa, umezungushwa, mpaka basi," aliniambia. "Katikati kuna pini ya chuma na springi. Umeme ukipita, koili inageuka sumaku, inaivuta pini, njia ya oili inafunguka. Umeme ukikatika, springi inairudisha pini, njia inafungwa. Oili ndiyo inayoingiza gia, Kalipa. Hiki ni mlango tu."

"Na mlango ukiharibika?"

"Waya ukikatika ndani, mlango haufunguki. Oili ikichafuka, ule unga wa chuma unaganda kwenye pini, mlango unakwama nusu. Hapo ndipo gari linakurusha kama punda aliyechomwa mwiba."

Kuzipima alikuwa na mita, kama mafundi wote. Lakini mita hueleza kama waya ni mzima. Kama pini inakwenda au imekwama, haijui. Kwa hiyo mwishoni aliigusisha kila solenoidi kwenye betri na kuisikiliza. Iliyo nzima hulia "tak!", mlio mkavu na mfupi. Inayokwama hulia kwa uvivu, kama kitu kimeangukia kwenye unga wa ngano. Watu walikuwa wakisimama mlangoni kumtazama, kichwa kakilaza upande, macho kafumba.

Sasa, Anarkul. Ni mwanamke wa sauti ndogo. Hata akigombeza kuku, kuku hawashtuki. Wamelea mtoto mmoja, Nurzat, ambaye yuko ng'ambo, mjini Kazan, anafanya kazi ya kujenga, na tangu aondoke nyumba imebaki na wao wawili. Majira ya baridi yaliyopita niliona Anarkul amenyong'onyea. Nilipomchokoza aseme, alisema, "Baba Nurzat hanitaki tena."

Nilicheka. Nikaona hacheki.

"Namwongelesha, hajibu," alisema. "Nikiwa jikoni namwambia chai tayari, hageuki. Namuuliza kama mgongo bado unauma, anaangalia dirishani. Lakini wanaume wakija karakana wanazungumza naye mpaka wanacheka. Mimi tu ndiye hana neno la kunipa. Mwanzoni niliudhika. Sasa nimezoea. Siku hizi na mimi sisemi."

Nilimwekea chai nyingine.

Ulipofika wakati wa kuyeyuka theluji, Burul alileta gari lake kwa Sagynbek. Burul ni mkunga, anazunguka vijiji vya bonde lote hili, na hana subira na kitu chochote kisichokwenda isipokuwa watoto wanaozaliwa. Gari lake dogo jeupe lilikuwa limeanza kugonga linapoingia gia ya tatu. Sagynbek alilifungua, akatoa lile bamba la alumini lenye vijia vingi vya oili kama tufaha lililotobolewa na funza, akaziosha solenoidi zote, akazipima kwa mita, akazisikiliza, akarudisha kila kitu mahali pake na kutia oili mpya. Burul akaondoka akimshukuru.

Wiki haikuisha. Akarudi na gari likikokotwa na trekta.

"Kaka Sagynbek!" Sauti yake niliisikia nikiwa ndani. "Hili gari umelitengeneza au umelibembeleza? Nimepanda mlima kwa gia ya tatu likilia kama ng'ombe anayezaa, mpaka likazimika. Mama wa watu ananisubiri, mimi nimekaa kwenye trekta juu ya gunia la viazi! Nimefika mtoto ameshazaliwa, bibi yake kamkata kitovu, ananiambia karibu unywe chai."

"Mtoto mzima?" aliuliza Sagynbek.

"Mzima, anapiga kelele kuliko mimi. Sijaja kuzungumzia mtoto."

Sagynbek hakujitetea. Alisema liache, nitaliangalia upya. Burul alipoondoka, yeye alibaki amesimama karibu na gari, mkono juu ya boneti, kwa muda ambao mimi nilimaliza kuanika nguo zote kwenye kamba.

Anarkul alimpelekea chai kule karakana. Hakuwa na desturi hiyo tena, lakini alimhurumia. Alimkuta amempa mgongo, solenoidi za Burul zimepangwa juu ya kitambaa, betri pembeni. Akasimama nyuma yake akingoja amalize.

Sagynbek aligusisha waya. Tak! Akaweka solenoidi kushoto, upande wa zilizo nzima. Akachukua nyingine. Tak! Kushoto. Akachukua ya tatu, akagusisha waya, na Anarkul akasikia mlio mzito, uliochelewa, tofauti kabisa na ile miwili. Sagynbek alilaza kichwa, akafumba macho, akagusisha tena. Mlio uleule. Akaiweka kushoto pamoja na zile mbili.

"Hiyo mbona imelia vibaya?" alisema Anarkul.

Sagynbek hakugeuka. Akachukua ya nne.

Anarkul aliniambia kwamba hapo moyo wake ulifanya kitu cha ajabu. Ulipaswa kuumia kama siku zote, lakini haukuumia. Alimtazama mumewe shingoni, akaona misuli imekaza kama ya mtu anayejaribu kusikia kinachosemwa chumba cha pili. Akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Baba Nurzat, nimemuuza ng'ombe."

Sagynbek akanyoosha waya.

"Nimemuuza ng'ombe na ndama wake, na kesho nauza paa la nyumba."

Tak, ya nne. Ikaenda kushoto.

Anarkul aliweka kikombe chini. Akazunguka meza, akachukua ndoo, akaigeuza, akaketi mbele ya mumewe mahali anapouona mdomo wake. Sagynbek alishtuka kama mwizi.

"Umeingia lini?"

"Zamani. Tangu lini husikii?"

Alifungua mdomo kusema anasikia vizuri, akaona uso wa mkewe, akaufunga. Alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Wanaume nawasikia," alisema mwishowe. "Injini naisikia. Hizi..." akagusa solenoidi, "hizi tangu kiangazi kile cha mwaka juzi zimekuwa zikififia. Nikawa nazisikiliza kwa vidole. Pini ikigonga, inatingisha. Lakini vidole vyenyewe vimekomaa kama kwato."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Fundi kiziwi, nani atamwachia gari lake?" Kisha akaongeza polepole, bila kumwangalia, "Na wewe ulikuwa umeacha kuniongelesha. Zamani ulikuwa ukikanda unga unapiga soga mwanzo mpaka mwisho. Ukanyamaza. Nikasema haya, Nurzat ameondoka, mwanamke amechoka, hana tena la kuzungumza na mzee anayenuka oili."

"Mimi niliacha?" Anarkul aliinuka kutoka kwenye ile ndoo. "Mimi? Nimeongea na mgongo wako mwaka mzima! Nimeongea mpaka nikaona aibu mbele ya paka!"

Hiyo niliisikia hata mimi, kutoka uani kwangu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Anarkul akipaza sauti. Sikuchungulia kwenye uzio, ingawa ningeweza. Anarkul anasema walilia kidogo, wote wawili, kisha Sagynbek akainywa ile chai ikiwa imepoa, na akaisifu.

Kisha Anarkul akamwambia kwamba kuna solenoidi moja imelia vibaya. "Ipi hiyo?" akauliza Sagynbek.

Wakaanza upya. Yeye alishika waya, mkewe alisikiliza. Kila mlio Anarkul alimwonyesha kwa mkono: kiganja kikipiga meza haraka, ni nzima; kikishuka taratibu, ni mbovu. Ile ya tatu kiganja chake kilishuka kama jani. Sagynbek akaifungua na kumwonyesha: unga mweusi wa chuma ulikuwa umebaki kwenye kile kichujio kidogo cha mdomoni na kuizunguka pini, mahali ambapo dawa ya kuoshea haikufika. Pini ilikuwa imekwaruzika upande mmoja.

"Ikiwa baridi inakwenda, ingawa kivivu," alieleza. "Oili ikipata moto, inakwama. Ndiyo maana hapa karakana gari lilitoka vizuri, likamgeuka Burul mlimani. Kompyuta ya gari ikiona hivyo inaogopa, inaliacha gari kwenye gia moja ili lisijivunje."

"Masikini," alisema Anarkul. Hakuna aliyejua alimsema Burul au gari.

Katika giaboksi mbovu zilizorundikwa nyuma ya karakana walipata solenoidi ya aina ileile. Walizijaribu kadhaa kabla Anarkul hajapiga meza haraka na kusema, "Hii. Hii inalia kama mtu aliyekasirika."

Burul alipokuja kuchukua gari, Sagynbek angeweza kumwambia ilikuwa oili tu. Lakini alimwambia kila kitu, amesimama katikati ya uwanja na kofia yake ya manyoya mkononi. Anarkul alikuwa kando yake. Mimi nilijifanya nafagia.

"Kosa lilikuwa langu, binti. Niliirudisha mbovu kwa sababu sikuisikia. Masikio yangu yamekwenda. Ukitaka kwenda kwa fundi mwingine, sitakulaumu."

Burul alimwangalia. Nilidhani ataanza tena habari za viazi. Badala yake alimsogelea, akamshika kidevu kama anavyoshika watoto, akamgeuza kichwa na kuchungulia sikioni.

"Kumejaa nta na vumbi la chuma," alisema. "Lakini si hiyo tu. Hizi nyundo na msasa wa umeme, miaka yote hiyo, ulivaa kitu masikioni? Hukuvaa. Sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza, kaka. Sauti za wake na za watoto. Wanaume wengi wanadhani wake zao wamekuwa wapole uzeeni."

Anarkul alicheka mpaka akajifunika uso na ukosi wa koti.

"Ijumaa nakwenda mjini Bishkek kuchukua vifaa," aliendelea Burul. "Nitawapeleka kwa daktari wa masikio. Na gari nitalijaribu nanyi mkiwa ndani. Likinasa gia ya tatu, mtashuka msukume."

Halikunasa. Anarkul aliniambia kwamba njia nzima, kando ya ziwa na baadaye kwenye lile bonde jembamba la mawe, Sagynbek alikuwa ameweka kiganja chake karibu na mkono wa gia, akihisi kila gia inavyoingia. Alikaa hivyo mpaka Burul akamwambia, "Kaka, toa mkono, si mgonjwa." Akautoa. Dakika chache baadaye akaurudisha.

Daktari aliyasafisha masikio, akayapima, akasema yaliyokwenda yamekwenda, lakini kuna kifaa cha kuvaa. Sagynbek alikivaa akiwa amenuna. Njia nzima ya kurudi alilalamika. Koti lake linapiga kelele. Meno yake yanapiga kelele. "Na hili gari, Burul, lina kitu kinalia nyuma ya dashibodi, hukusikia siku zote hizo?"

"Nilisikia. Ndiyo nikaongeza redio."

Kifaa hicho hakijamrudishia kila kitu. Katika kelele za karakana humchanganya, hukitoa na kukitia kwenye kisanduku cha naswari, ule ugoro wake. Kwa hiyo zinapofika solenoidi za kupimwa, humwita mkewe. Anarkul hufika na aproni yake yenye unga, huketi kwenye kiti alichotengenezewa, huinua kiganja. Mwanzoni wateja walitabasamu. Kuna mmoja kutoka Balykchy alimtania Sagynbek, "Mzee, siku hizi bosi ni mama?"

"Siku hizi?" alijibu Sagynbek.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba wiki ile ya kwanza Anarkul alikuwa anamwonea haya mumewe. Alikuja kwangu akakaa karibu na zulia ninaloshona, akawa anachezea nyuzi zangu.

"Nimezoea kusema chochote," aliniambia. "Nilikuwa nauambia mgongo wake mambo ya ajabu, Kalipa. Matusi pia. Na mengine si matusi, ni yale ambayo mtu wa umri wangu hayasemi. Sasa kila kitu kinamfikia. Jana nimesema neno moja dogo karibu na jiko, akanijibu kutoka uani!"

"Alijibu nini?"

Akainama, akavuta uzi wangu mpaka ukakatika.

Leo asubuhi nimewasikia wakibishana kuhusu pazia la dirisha la mbele. Anarkul anataka la kijani, mumewe anasema kijani ni rangi ya mabasi. Wamebishana mpaka chai ikachemka ikamwagika, na bado hawajakubaliana.