Mfupa wa Muzee Habarurema

Enzi za Profesa Habarurema, makala haikutoka mikononi mwake bila kufichwa mfupa. Ndivyo alivyouita uongo mmoja mkubwa aliouchomeka makusudi kwenye rasimu kabla ya kumpa mwenzake aisome. Ukiirudisha bila kuuona, Muzee alikushukuru kwa adabu zote, kisha akatafuta msomaji mwingine.

Akonkwa, msaidizi wake wa zamani chuoni, aliikumbuka mno baraza ile ya kila Alhamisi nyumbani kwa Muzee, Keshero: sahani ya sambaza, vidagaa vya ziwani, wa kukaanga, wino mwekundu, wasomi wazima wakigombana kwa ajili ya aya moja. Mama Léoncie, mke wa Muzee na mwalimu wa biolojia, aliugundua mfupa kabla chai haijapoa. Akonkwa alikuwa akirudi kwake amekosolewa hadi masikio yanawaka, na bado anapiga mluzi njiani. Raha ile hakuipata tena popote.

Sasa Muzee ni marehemu, na vita vimewatawanya wenzao. Ilibaki makala ya mwisho, juu ya sambaza wa ziwani, ambayo Muzee aliiacha nusu. Akonkwa aliimaliza, akaandika majina yao wote wawili. Bila makala katika jarida la nje, hapandi cheo mwaka huu. Na jarida moja lisilojulikana na mtu lilikuwa likimbembeleza kila wiki. Akalipelekea makala. Kwa mazoea tu, alikuwa ameficha mfupa ndani yake: kwamba wavuvi wa Kituku huwasha taa saa sita mchana ili kuwavuta samaki.

Wiki haikuisha, jibu likaja. Wataalamu watatu hawakuona kosa hata moja, kazi ni bora kabisa, imebaki ada tu, Profesa mashuhuri. Akonkwa hajawa profesa. Alijua amevishwa kilemba cha ukoka, lakini kilemba chenyewe kilimkaa vizuri, na wenzake kadhaa walikuwa wamepanda cheo kwa hicho hicho. Akaenda Keshero kuomba ruhusa ya jina la marehemu.

Mama Léoncie alimsikiliza hadi mwisho.

“Na mufupa, waliiona?”

Angeweza kudanganya. Nani angejua? Alitazama kiti cha Muzee, ambacho bado hakuna aliyekikalia, na roho ikamsuta.

“Hapana, Mama.”

“Basi utoe jina ya bwana yangu. Yako, utajua weye mwenyewe.”

Akonkwa alitoa simu, akaandika palepale kwamba anaiondoa makala yote, akatuma. Cheo kikaenda zake, na kilimuuma kweli. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hapakuwa tena na mtu wa kumwambia amekosea.

Alisimama kuaga, akasita mlangoni.

“Mama, naweza kukuletea makala hiyo siku ya ine, kama zamani?”

“Lete,” akasema Mama Léoncie, akitafuta miwani yake. “Lakini uweke mufupa ingine. Ile ya taa nishajua.”