Nguo ya Kukulia

Nguzo ya zizi ilikuwa imelowa damu tena. Kaimenyi aliipangusa kwa kiganja, akajifuta kwenye suruali, kisha akamtazama farasi wake aliyesimama upande wa pili akitingisha kichwa bila kupumzika. Nzi walikuwa wamemjaa kama kunde zilizoanikwa. Walikuwa machoni, tumboni, na zaidi ya pote pale shingo inapokutana na mgongo, mahali alipojisugua mpaka ngozi ikatoka na nyama ikabaki wazi.

Farasi huyo aliitwa Popi. Jina alipewa na tajiri wa shamba la ngano juu ya Kiirua, ambako Kaimenyi alikuwa saisi, mtunza farasi, tangu ndevu hazijamwota. Tajiri aliuza shamba akaenda zake. Farasi wazuri walipata wenyewe. Popi alikuwa jike mzee, hakuna aliyemtaka, basi Kaimenyi akaambiwa amchukue iwe ndiyo asante ya kazi yake yote. Aliporudi nyumbani akimvuta kwa kamba, mkewe Ednah alisimama mlangoni akauliza kama tajiri hakuwa na asante inayokamuliwa.

Lakini hiyo ndiyo mali aliyoipata maishani. Hakusoma, hakununua ploti, miraa hakupanda. Alichokijua ni farasi, na farasi aliyebaki ni huyu mmoja. Akifa Popi, Kaimenyi angekuwa mzee tu kama wale wanaokaa mbele ya maduka ya Kiirua wakingoja mtu apite awaamkie.

Na Popi alikuwa njiani kufa. Mvua ilikuwa imewapita misimu miwili, nyasi zikaisha, farasi akabaki mbavu na mfupa wa nyonga uliotokeza kama mpini wa jembe. Majirani wote walifuga ng'ombe wa maziwa na kila boma lilikuwa na lundo la samadi, kwa hiyo nzi peke yao ndio hawakujua kama kuna ukame. Daktari wa mifugo, msichana aitwaye Mukami, alikuja na pikipiki yake, akapaka dawa, akasema wazi. Dawa haiwezi kufanya kazi nzi wakikaa juu ya kidonda mchana kutwa. Funza wakishafika mfupani, yeye hatarudi na dawa, atarudi na sindano ya mwisho.

"Mtafutie nguo ya nzi, mzee," alisema akiwasha pikipiki. "Wewe unazijua kuliko mimi. Lakini imkae vizuri."

Alizijua, kweli. Ni nguo ya wavu inayomfunika farasi kutoka kifuani mpaka mkiani, hewa inapita, nzi hapiti. Kule shambani aliwavisha farasi nguo hizo kila asubuhi kabla hajanywa chai. Alijua kwamba ikibana inachubua mabega, na ikilegea inazunguka, halafu farasi anaingiza mguu. Inayotosha utaijua kwa mkono: unaingiza kiganja kati ya nguo na ngozi, kinapita kikiwa bapa, ngumi haipiti. Aliwahi kumpiga saisi mwenzake kofi kwa kumvisha farasi nguo pana.

Alichukua kamba ya katani, akaianzisha katikati ya kifua cha Popi, akaipitisha ubavuni mpaka makalioni, akafunga fundo. Akaizungusha tumboni, akafunga fundo la pili. Mafundo yalikuwa karibu kuliko alivyotarajia. Akapima tena, yakarudi pale pale.

Watu walikuwa wamemwambia kwamba Sharifa, mama wa mitumba huko Meru mjini, alifungua bale la mapazia akakuta ndani yake nguo mbili za farasi. Alipofika alizikuta zimetundikwa nje, na soko zima lilikuwa likizicheka. Idrisi, muuza nyama wa mlango wa pili, alikuwa akimuuliza Sharifa ni lini ameanza kuozesha punda, maana shela tayari anazo. Sharifa alimjibu kwamba akipata punda wa kumwozesha atamtuma Idrisi awe bwana harusi.

Nguo ya kwanza ilikuwa ya kijivu, nyepesi, imetiwa kiraka mahali pamoja, na mikanda yake ilikuwa imechoka. Kaimenyi aliinyoshea kamba yake. Ikalingana na fundo, kifuani mpaka mkiani, na tumboni pia. Ya pili ilikuwa nyeupe. Wavu wake ulikuwa mzito, mishono miwili miwili, mabegani imetiwa kitambaa laini, mikanda mipana kama ya kufungia magunia. Aliikanyaga upande mmoja akauvuta mwingine kwa nguvu zake zote. Haikulia hata kidogo. Lakini ililipita fundo kwa kiganja kizima, na tumboni ilizidi zaidi.

Bei ilikuwa moja. Sharifa hakujua farasi, alijua nguo. Aliitazama kamba, akamuuliza kama mnyama huyo bado anakua. Kaimenyi akasema hapana, ni mzee.

"Basi chukua ya kijivu, baba. Mwenye kuvaa ni huyo aliye nyumbani."

"Mvua ikinyesha atajaza."

"Na isiponyesha?"

Kaimenyi alijifanya anakagua mshono. Ile nyeupe ndiyo ilikuwa kipimo cha Popi zamani, wakati mgongo wake ulikuwa unang'aa na watoto walikuwa wanasimama barabarani kumwangalia. Kuchukua ya kijivu kulikuwa ni kusema kwa mdomo wake kwamba mnyama yule hatarudi. Halafu huku kwetu nani ananunua nguo ya leo? Mtoto akienda shule ananunuliwa sweta ya kumfika magotini, mikono inakunjwa, akilalamika anaambiwa atakua. Viatu vinatiwa gazeti kwenye ncha. Nguo inayomtosha mtu siku inaponunuliwa ni hasara. Kaimenyi alilelewa hivyo na akalea hivyo. Aliviringisha kamba akaitia mfukoni, akabeba nyeupe.

Ednah alimtazama akimvisha farasi pale uani. Nguo ilining'inia mbavuni kama bendera siku isiyo na upepo.

"Umemnunulia sweta ya Fomu Wani," alisema. "Baba Kawira, huyo mnyama yuko darasa la mwisho."

Kaimenyi aliikunja nguo pale kifuani, akaikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vile watu wa boda wanavyofunga mizigo. Hakuingiza kiganja kupima. Alijua kingepita na ngumi na kiwiko.

Hata hivyo nguo ilifanya kazi. Popi aliacha kutingisha kichwa. Siku ya pili alilala chini mchana, akanyosha shingo, na Kaimenyi alimkimbilia akidhani amekufa, kumbe ni usingizi. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Mukami alipita, akakifurahia, kisha akauvuta ukingo wa nguo, akasema inalegea. Kaimenyi akamwambia anajua, anaiangalia. Ni kweli aliiangalia. Jioni alimweleza Ednah kwamba mvua ikianza ataondoa zile tyubu moja moja kadiri mwili unavyorudi. Ednah aliendelea kuchambua maharagwe. Mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya mlima, kama jana yake, na kama jana yake yakatawanyika.

Siku moja alikwenda kwa jirani yake Gachoki, Mwembu aliyeoa hapa Kiirua, kuomba mabua ya mahindi. Upepo ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Alipokuwa akirudi na mzigo kichwani alimsikia Ednah akiita, na hakuwa akimwita yeye. Alikuwa akimwita farasi, kwa jina lake, ambalo hakuwahi kulitamka hata siku moja.

Tyubu ilikuwa imekatika. Popi alilala chini kugaagaa, nguo ikamzunguka ikaja tumboni, na aliposimama aliingiza mguu wa nyuma kwenye mkanda. Akapigana nao. Mkanda wa ile ya kijivu ungekatika kwa teke la kwanza. Huu haukukatika. Kilichokatika ni mguu.

Mukami alifika akaangalia mara moja tu, akatoa sindano. Alimwambia Kaimenyi ashike kichwa. Kaimenyi alikishika akimnong'oneza maneno ya Kimeru aliyozoea kumwambia akimpiga brashi. Baadaye alingoja msichana amkaripie kuhusu nguo, hata kwa neno moja. Mukami alikunja vitu vyake, akampa pole, akaondoka.

Gachoki alikuja na sururu wakaanza kuchimba. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa. Walichimba wakipokezana mpaka jua likapita utosini, na shimo bado lilifika kiunoni tu. Popi alikuwa pale pale juani. Tumbo lilikuwa limeanza kujaa, likapanda polepole, likafunika mbavu. Na nzi walikuwa wamerudi wote.

"Mfunike basi, jirani," Gachoki alisema. "Wanamla tukiona."

Kaimenyi aliiendea nguo. Ednah alikuwa ameitupa juu ya ua. Aliipekua mshono kwa mshono, kama mtu anayetafuta chawa. Hapakuwa na uzi uliotoka.

Alimtandikia kutoka kifuani mpaka mkiani. Gachoki aliinua mguu uliobaki mzima, Kaimenyi akaupitisha mkanda chini ya tumbo, akauvuta juu, akauingiza kwenye kifungo chake. Ulifika. Haukuhitaji tyubu wala kukunjwa. Wavu ulikuwa umemkaa ubavuni bila kunyanzi hata moja, mweupe, umejaa.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Uliingia chini ya ukingo, pale begani, kiganja kikiwa bapa, ukapita. Akakunja ngumi, ikakwama.

"Imemtosha," alisema.

Gachoki akauliza amesema nini. Kaimenyi alishuka shimoni akachukua sururu.