Mlango Nyuma ya Mrembo

"Mlango huu haufungiki," baba alisema.

Alikuwa ameingia kurekebisha bawaba ya kabati la mdogo wangu, penseli sikioni, maana baba alikuwa seremala hata akiwa amelala. Badala ya bawaba akawa anakodolea macho tangazo la sabuni ambalo mdogo wangu alilibandika pale: msichana mwenye kiuno cha nyigu, amesimama mbele ya mlango mweupe. Msichana mwenyewe baba wala hakumwona.

"Ona fremu inavyopinda hapa katikati. Fundi gani kaifunga hii?"

Fundi nilikuwa mimi.

Wakati ule nilikuwa nikirekebisha picha za matangazo kwa kompyuta. Mteja akisema punguza, napunguza. Na ukibana kiuno, kilicho nyuma yake huvutwa pia, kwa hiyo lazima urudi ukinyooshe. Siku ya picha hii nilichoka, nikasahau. Bosi hakuona, mteja hakuona. Tangazo likasambaa mji mzima, mpaka likafika chumbani kwetu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba. Kila asubuhi alijifunga uzi kiunoni, na kila wiki aliukata ukawa mfupi zaidi. Mezani alisukumasukuma chakula, akisema ameshiba. Mama alibembeleza, akafoka, akalia. Juzi yake tu alikuwa amemkuta sakafuni bafuni, amezimia. Na mimi niliyejua kile kiuno kilikotoka nilikuwa nimefyata ulimi miezi mitatu, kwa sababu mdogo wangu alijisifu kwa wenzake kwamba dada yake anatengeneza warembo. Niliona haya. Hata sasa naona haya.

"Ni mimi, baba," nilisema. Kisha nikamgeukia mdogo wangu, aliyeketi kitandani. "Huyo hana kiuno hicho. Nilikibana mimi, mlango ukakifuata."

"Unasema tu ili nile, dada."

Baba hakubishana naye. Alitoa rula mfukoni, akailaza kando ya fremu ya pichani. Juu iligusa, chini iligusa. Katikati, sawasawa na kiuno, palibaki uwazi wa upana wa kidole. Mdogo wangu akainuka, akaingiza kidole chake pale, akakiacha kwa muda.

Kesho yake nilimletea picha yenyewe, ya kabla sijaigusa. Mlango ulikuwa umenyooka. Msichana alikuwa anacheka, na juu ya mkanda wa sketi nyama ya tumbo ilikuwa imejimwaga kidogo, bila wasiwasi wowote.

"Mbona ana tumbo kama langu?"

"Ndivyo alivyo."

"Na walimchagua hivihivi?"

"Walimchagua hivihivi. Halafu wakaniita mimi."

Ningependa kusema alikula siku hiyo. Hakula. Alienda kliniki wiki nyingi, na mara mbili nilikuta uzi mpya chini ya mto. Ila tangazo alilibandua mwenyewe.

Kisha siku moja mchana, tukiwa tumeshaondoa sahani, akachungulia jikoni.

"Mama, kimebaki?"

Mama alifunua sufuria kwa pupa hata mfuniko ukamponyoka, ukabiringika kwa kelele hadi miguuni pa baba. Sote watatu tulikuwa tukimtazama mdogo wangu tu. Mfuniko ulizunguka, ukalala, na hakuna aliyeinama kuuokota.