Tairi Mbili za Mbele

Kwa miaka arobaini na minne Reino Kangas aliendesha lori la wilaya la kusukuma theluji, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuingia mtaroni. Hilo si jambo dogo huko Torvola, mji mdogo wa kaskazini kabisa mwa Michigan, ambako theluji ikibisha hodi Novemba haiagi hadi Aprili. Na Reino naye hakukubali lionekane dogo. Alipostaafu alihamia kwenye kona ya kahawa ya duka la tairi la Jolene Harju. Kila asubuhi alikaa pale na wazee wenzake akigawa ushauri, na nusu ya ushauri huo hakuna aliyeuomba.

Ushauri wake mkubwa ulikuwa mmoja na mji mzima uliujua kwa moyo. Pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, alisema, inataka tairi mbili za theluji, huko huko nyuma, na viroba vinne vya mchanga juu ya ekseli. Basi. Za mbele ziache zilivyo. Anayenunua nne ni mtu wa mjini anayeogopa kivuli chake, au ni mjinga aliyepatikana na muuza tairi. Hayo aliyasema Jolene akiwa hapo hapo na birika mkononi. Jolene alilirithi duka kwa baba yake na alizijua tairi kuliko wote waliokalia viti vyake, lakini alimwongezea kahawa na kunyamaza, kwa kuwa Reino alikuwa rafiki wa marehemu.

Juu ya meza ya kahawa lilining'inia beleshi. Kila mwaka, mtu wa kwanza kuingia mtaroni baada ya theluji kuanguka aliandika jina lake kwa rangi nyekundu kwenye ubapa wa beleshi hilo, kwa mkono wake mwenyewe, na jina likakaa pale hadi barafu ya ziwani iyeyuke. Ulikuwa utani, ila ni utani wa aina ile inayomfanya mtu mzima aende kununua mkate mji wa pili kwa aibu. Jina la Reino halikuwahi kuandikwa. Kiti chake kilikuwa chini ya beleshi, na hakukichagua kwa bahati mbaya.

Sasa, lipo jambo ambalo Reino hakumwambia mtu. Miaka miwili nyuma, kwenye kona ya mgodi wa zamani, pikapu yake ilikataa kukata kona. Alizungusha usukani, magurudumu ya mbele yakageuka, na gari likaendelea mbele moja kwa moja, kana kwamba habari za usukani hazilihusu. Lilisimama hatua mbili kabla ya mtaro. Hakuna aliyeona. Wiki ile ile aliendesha mwendo wa saa mbili hadi mji ambako hakujuana na mtu, akanunua tairi mbili zaidi za theluji, akazifunga mbele akiwa bandani, mlango kaufunga, kisha akazipaka matope ubavuni zisionekane mpya. Kesho yake alirudi kwenye kahawa na kuhubiri tairi mbili kama kawaida. Ungemuuliza kwa nini, angekwambia hakuna aliyemuuliza kuhusu zake.

Hadi alipoulizwa. Na aliyemuuliza ni Marlys, mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee.

Kurt, mwana mwenyewe, alikuwa baharia wa meli za kubeba chuma kwenye maziwa makuu, na hakuonekana nyumbani hadi Januari meli zikifungwa. Marlys kabla ya kuolewa aliendesha malori ya magogo ya baba yake, leseni kubwa anayo, na mwaka huo idara ya barabara ilitangaza nafasi moja ya dereva wa lori la theluji. Aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote. Alikuwa amechoka kupanga makopo kwenye duka la vyakula na kuishi akimngoja mume wa miezi miwili kwa mwaka. Reino alimpa pikapu yake ya zamani na akamtangaza kila mahali, kwamba damu ya Kangas inarudi barabarani, ingawa damu yenyewe haikuwa ya Kangas. Alimtangaza hasa mbele ya Duane Perreault, mkuu wa madereva wa wilaya, ambaye ndiye aliyependekeza majina kwa bodi na ambaye naye alikunywa kahawa pale pale.

Mwanzoni mwa Novemba Marlys alileta pikapu dukani. Jolene aliizunguka mara moja, akainama, akapitisha kidole kwenye tairi za mbele. Kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa zimebaki kidogo sana, karibu vipara. Akasema hii inataka nne. Marlys akajibu kuwa ni sawa, amejiandaa kwa nne.

Kwenye kona ya kahawa wakasikia. Waino Seppala, mzee ambaye hajawahi kuona moto asiuchochee, akageuza kiti.

"Msikilizeni profesa kwanza," alisema. "Reino, Jolene anataka kumuuzia mkwe wako tairi za mapambo."

Wote wakamtazama Reino. Duane pia. Reino alijua wazi kwamba mlango uko mbele yake, na kuupita kunataka sentensi moja tu: mimi mwenyewe nina nne. Akaziangalia zile sura. Akaliangalia beleshi.

"Mbili zinatosha," alisema. "Na mchanga."

"Reino, za nyuma zinasukuma tu," Jolene alisema taratibu. "Za mbele ndizo zinazokata kona, na breki karibu yote iko kwazo. Ukimfunga za nyuma peke yake unampa nguvu ya kwenda, humpi ya kugeuka."

"Baba yako aliuza tairi miaka thelathini na hakunipa hotuba hiyo."

Wazee wakacheka. Marlys hakucheka. Alikuwa akimtazama mkwewe kama mtu anayetaka kujua kitu kweli.

"Na wewe unatumia mbili, Baba?"

"Toka enzi na enzi," alisema Reino.

Jolene akafunga mbili.

Theluji ya kwanza ilianguka Alhamisi, siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kufunguliwa, mji mzima ukisafisha bunduki. Simu ya Marlys ikampata Reino mezani. Yuko kona ya mgodi. Yuko mtaroni. Hajaumia, amegonga paji la uso tu.

Alipofika aliona alama za magurudumu kwenye theluji mpya, na hakuhitaji kuelezwa chochote. Ziliifikia kona, zikaipita kona, zikaenda moja kwa moja, zimenyooka kama zimepigwa rula. Hakukuwa na alama ya mwendo wa kasi. Zilikuwa alama zake mwenyewe za miaka miwili nyuma, zikiwa zimeongezewa hatua mbili.

Goti lake la kulia lilikuwa bovu, kwa hiyo Marlys ndiye aliyelala chini kwenye theluji kufunga mnyororo kwenye ndoano ya mbele ya gari la Reino. Alikaa kule chini muda mrefu kidogo. Reino akamuuliza kama ndoano imekwama.

"Haijakwama," alisema Marlys. Akainuka akipangusa mikono, akapanda gari lake, na Reino akalivuta kinyumenyume hadi barabarani.

Kesho yake asubuhi Marlys alifika dukani bila kuitwa, uvimbe kwenye paji la uso, akachukua brashi na kuandika jina lake kwenye beleshi. Wazee walimpigia makofi. Waino akamuuliza ilikuwaje, na yeye akasema alikimbiza mno, basi. Hakumtazama Reino hata kidogo. Duane hakupiga makofi. Alilitazama lile jina jekundu, kisha akamaliza kahawa yake na kuondoka.

Reino alijua maana ya kuondoka kule. Alijua pia kuwa majina yatapelekwa kwa bodi kabla ya sikukuu ya Shukrani, ile ya kula bata mzinga mwishoni mwa Novemba. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikafika, ikawa siku ya wawindaji na duka likajaa watu, akaona si mahali pake. Jumapili Duane hakuwepo. Jumatatu alikuwepo lakini Waino naye alikuwepo. Hivyo hivyo ndivyo mtu anavyokula siku za mwenzake, moja moja, na kila siku ana sababu nzuri. Usiku halali, mchana anakunywa kahawa chini ya jina la mkwewe, na aibu inamtafuna taratibu kuanzia ndani.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Marlys alikuja kwake kuoga sauna, ule mvuke wa moto wa Kifini, kama walivyofanya kila Jumamosi, akiwa na mkate wa iliki kwenye kitambaa. Reino alimwambia goti linamsumbua, yeye leo haogi. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa kwenye benchi moja na yule mwanamke bila koti wala kofia ya kujificha. Mkate hakuugusa. Jumatatu aliwatupia ndege.

Jumatano, siku moja kabla ya sikukuu, Duane aliingia dukani akikung'uta buti. Mtu akamuuliza kuhusu ile nafasi. Akasema bodi imekaa jana jioni, imemchukua jamaa mmoja wa mji wa ng'ambo ya mfereji. Waino akataka kujua mkwe wa Reino alikuwa wa ngapi.

"Sikumpeleka," alisema Duane, akimgeukia Reino kwa heshima. "Nisamehe, mzee. Mwanamke anaendesha vizuri, nilimjaribu mwenyewe Oktoba. Lakini mtu aliyekimbiza gari siku ya theluji ya kwanza, tena kwa mdomo wake amekiri, nitamweka vipi kwenye lori la tani ishirini?"

Reino akaweka kikombe mezani. 

"Hakukimbiza," alisema. "Tokeni nje."

Hawakumwelewa. Alitangulia bila koti, nao wakamfuata mmoja mmoja hadi kwenye pikapu yake. Pale, mbele ya macho yao, Reino alipiga magoti kwenye theluji, goti zima na lile bovu, akaanza kufuta matope kwenye tairi ya mbele kwa kiganja. Matope yalikuwa yameganda. Akayakwangua kwa kucha hadi ikaonekana ile alama ya tairi za theluji, mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, ambayo kila mtu pale aliijua. Akahamia upande wa pili akitambaa.

"Nne," alisema akiwa bado chini. "Huu mwaka wa tatu natumia nne. Marlys aliniuliza mbele yenu nikamdanganya. Alipita kona kwa sababu gari halikuweza kugeuka, na halikuweza kugeuka kwa sababu yangu."

Hakuna aliyecheka, hata Waino, na hilo lilimuuma Reino kuliko kicheko. Jolene alimshika mkono akamwinua. Angeweza kusema mengi, na alikuwa na haki ya kuyasema. Aliingia ndani akatoka na beleshi, kitambaa chenye tina ya kufutia rangi, na kopo la rangi nyekundu. Reino alifuta jina la mkwewe akaandika lake. Herufi zilipinda.

"Ungeniambia Jumapili," Duane alisema, macho kwenye theluji. "Hata Jumatatu asubuhi. Sasa mtu ameshasaini."

Kutoka pale Reino alienda moja kwa moja kwa Marlys. Hakubisha hodi. Alitoa jeki mbili, akainua mbele ya pikapu ya mkwewe, kisha mbele ya pikapu yake, na akaanza kufungua nati. Magari yalikuwa ya kiwanda kimoja, magurudumu yaliingiliana. Alitaka amalize kwanza ndipo aseme, kwa sababu alijua akianza kusema mikono itakufa ganzi.

Marlys akatoka amevaa koti la Kurt. Alisimama akimtazama mzee akihangaika na spana, pumzi zikimtoka nyeupe.

"Duane hakupeleka jina lako," Reino alisema bila kuinua kichwa. "Bodi imeshachukua mtu. Nimewaambia ukweli leo, baada ya mambo kwisha. Nina tairi nne, Marlys. Nilikuwa nazo siku ile uliponiuliza."

"Najua."

Reino akaacha kuzungusha spana.

"Nilikuwa nimelala chini nafunga mnyororo," Marlys alisema. "Pua yangu na tairi yako zilikuwa karibu hivi. Matope yalikuwa yamebanduka kidogo, alama ikaonekana."

"Na bado ukaenda kuandika jina lako. Ukasema ulikimbiza."

"Nilikuachia nafasi ya kusema mwenyewe, Baba. Nilidhani utasema siku ile ile. Halafu nikadhani utasema kwenye sauna, ndiyo maana nilioka mkate. Nikakuhesabia hadi Jumatatu, kwa kuwa Duane alisema Jumatatu ndiyo mwisho."

"Na baada ya Jumatatu?"

"Baada ya Jumatatu niliacha kuhesabu."

Hakuipandisha sauti wala hakulia, na Reino aliona afadhali angempiga.  Marlys akachuchumaa kando yake, akamtoa spana mkononi, na kukaza nati zilizobaki kwa kuvusha, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, kama Reino alivyomfundisha mwaka alioolewa. Alipomaliza alimrudishia spana, akaingia ndani na kufunga mlango.

Reino akafunga zile tairi zenye vipara kwenye gari lake na kushika njia ya nyumbani, mbili nyuma na mchanga, kama alivyohubiri toka enzi na enzi. Alienda mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kona ya mgodi lori la theluji la wilaya lilimjia kwa nyuma, na dereva, ambaye hakuwa Marlys, akamwashia taa ampishe.