Ya Kukata na Ya Kuvuta

Mimi maharage nayachambua kwa mikono miwili. Wa kulia unasukuma, wa kushoto unapokea, macho yanakaa katikati. Mjukuu wangu hunicheka, anasema maharage ya siku hizi huja yameshanawa hata uso, lakini kila nikichambua namwonyesha vijiwe vitatu vinne, naye anavitupa dirishani.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limeingia jikoni likafika mguu wa meza, ule uliofungwa waya. Mjukuu alikuwa ametoka zamu ya alfajiri. Anafanya kazi kwenye ghala la mbegu, mitaa minne kutoka kwetu. Mbegu zinazokusanywa vijijini huwekwa kwenye makopo, naye huingiza majina ya mbegu hizo kwenye kompyuta, kisha hubandika lebo. Ndiyo maana nimempachika jina la Karani. Ana mwandiko wa kupendeza, na hawezi kuona kosa la herufi akaliacha, hata kwenye tangazo la mganga wa meno.

"Mke mwenzangu," aliniambia, akatua mfuko mezani, "leo tumepona na mchicha. Wametugawia maharage."

"Wamekugawia, au umejigawia?"

"Bibi jamani! Wafanyakazi wote tumepewa. Ni ziada. Mengine yameenda kantini, yanapikwa kwa chakula cha mchana. Na mengine lori limepeleka juzi kule mvua ilikokataa."

Nikayamimina kwenye ungo. Yalikuwa ya kahawia, yana jicho jeupe ubavuni, madogo kuliko yale ya dukani. Moyo wangu ulifurahi kama mtu aliyekutana barabarani na jirani wa utotoni.

"Haya nayajua. Haya ya kwetu. Mmeyaandika jina gani?"

"Ndile," akasema kwa mkato, kama anayefunga mlango.

"Ndile ipi?"

"Ndile ni ndile, Bibi. Zilikuwa mbili kwenye orodha, ila moja ilikosewa, mtu kaandika i mara mbili. Nikarekebisha. Kompyuta ikaona ni kitu kimoja, ikaziunganisha. Bosi akasema tubakize kopo moja la kumbukumbu, zinazobaki zitolewe zikaliwe."

Mkono wangu ukasimama juu ya ungo.

Katika lugha ya mama yangu kuna ndile, ya kukata sauti, na kuna ndiile, ya kuvuta sauti. Ukiziweka kiganjani huwezi kuzitenga. Shambani zinajulikana, moja ina ua jeupe na nyingine zambarau, lakini zikishakauka zinafanana kama watoto pacha, na kinachozitenganisha ni mdomo wa aliyezihifadhi. Ya kukata unapika unakula. Ya kuvuta unailoweka kutwa, unaichemsha, unamwaga maji, tena na tena, maji matatu, ndipo mtu aiguse. Wadudu wa ghalani hawaisogelei. Mwaka jua lilipochoma kila kitu ndiyo iliyotubakiza hai, nyumba nzima. Mama alikuwa akitufundisha mimi na mdogo wangu huku anatuvuta sikio: "Ya kuvuta itakuvuta, wewe, mpaka kaburini." Tulikuwa tunacheka.

Watu wa ghala walipopita kijijini, ni sisi wawili tuliotoa. Mimi nilitoa ya kukata. Mdogo wangu akatoa ya kuvuta, magunia mawili, na akamsimamia mwandishi wao mpaka akaandika i mbili. Alimwambia, "Vuta, baba, vuta, usiogope, haina kodi."

Nilichukua punje moja, nikaikwaruza kwa ukucha, nikagusisha ulimi. Hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Ya tatu ilikuwa chungu kidogo, kisha ncha ya ulimi ikatoweka. Haikuuma. Ni kama haikuwa yangu.

"Piga simu kantini," nikamwambia.

"Bibi, unaongea kama umetoka kung'olewa jino."

"Piga simu!"

Akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mpishi wa kantini, mtu mnene mwenye utani, huacha simu yake ikichajiwa kwenye dirisha la stoo na kurudi jikoni kwenye kelele za sufuria. Karani akampigia bosi wake, mkuu wa ghala. Simu imezimwa, yuko kikaoni. Sasa uso wa mtoto ulikuwa umebadilika rangi.

"Wanakula saa ngapi?"

"Saa sita kamili. Lakini kundi la kwanza huanza saa tano."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika thelathini na tano. Inachelewa dakika kumi, hilo nalijua tangu marehemu babu yao alipoitundika.

Tukatoka. Nilimwambia akimbie aniache, goti langu ni la kuombwa radhi kila hatua. Akakimbia hatua ishirini, akarudi. "Wakiniuliza nitawaambia nini? Watasema Karani kachanganyikiwa. Wewe ndiye unayejua." Akanishika kiwiko, tukaenda hivyo, yeye ananivuta na mimi namzuia nisianguke. Fundi cherehani wa kona alitupigia kelele, "Wawili hao, mnakwenda harusini bila mimi?" Tukampita. Mtaa wa tatu nilisikia harufu ya maharage yanayoiva, vitunguu na nyanya, harufu nzuri kabisa. Nilitamani ingekuwa mbaya.

"Kwa nini hukuwahi kunifundisha?" Karani akasema, anahema. "Hata neno moja."

Nilizidi kuburuta mguu. Shuleni tulikuwa tukiisema lugha ile tunavalishwa kibao shingoni, cha mti, kizito, unakivaa mpaka umpate mwingine aliyeisema. Nilipopata mtoto nilimlea kwa Kiswahili tupu ili shingo yake ibaki nyepesi. Na mtoto wangu akamlea huyu. Nilidhani nimewapa zawadi.

Kantini ina meza nane ndefu za mabati na benchi. Watu sita walikuwa wameshakaa, sahani mbele yao zikiwa na wali tu. Mpishi alisimama nyuma ya sufuria kubwa, ameshika upawa, anaramba kijiko.

"Karibu, mama mkwe!" aliniita, ndivyo anavyoniita siku zote akimtania Karani. Lakini aliniita kwa ulimi mzito. "Njoo unionjee hapa. Leo chumvi haikolei kabisa. Nimeongeza mara tano. Naonja, naonja, sioni chumvi, sioni pilipili, sioni chochote."

Nilimwangalia. Mate yalikuwa yakimtoka pembeni ya mdomo, na yeye hana habari.

"Weka upawa chini, mwanangu," nikamwambia. "Kuna aliyekula?"

"Bado. Nawaambia wasubiri, chumvi..." Akataka kucheka, upande mmoja wa mdomo ukakataa.

Mfanyakazi mmoja akagonga sahani kwa kijiko. "Bibi, na wewe una zamu ya kutuchelewesha? Njaa inauma!"

"Kula wali wako," nikasema. "Hayo yana sumu."

Wakacheka. Kisha mpishi akakaa sakafuni, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya meza, na kicheko kikaisha.

Wakambeba kwenye gari la ghala mpaka hospitali, na wafanyakazi waliogawiwa wakapigiwa simu wayatupe. Karani na wanawake wawili waliinamisha sufuria, mchuzi mwekundu ukaenda kwenye mfereji, punje zimejaa, zimepasuka vizuri. Ndege wanaozurura pale uani walishuka, wakatazama, wakaondoka. Mpishi alipona, niseme mapema. Siku ya tatu alisimama. Ila chumvi haionji mpaka leo, na anasema chakula chote kina ladha ya karatasi.

Mkuu wa ghala alitoka kikaoni, shati limebana kwapani, akatuita ofisini. Ofisi yake ina madirisha makubwa, na ukuta mzima ni makopo, kila kopo na lebo, kila lebo na mwandiko wa Karani. Nilijiona kama nimesimama mbele ya darasa.

"Mama, umetuokoa," alisema. "Kosa dogo la herufi, na tazama."

"Halikuwa kosa, baba. Yule aliyeandika mara ya kwanza aliandika sawa."

Karani alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Hakulia. Ni mtoto wa kufikiri, na niliona anafikiri, maana macho yake yalikuwa yakishuka kwenye kioo mstari kwa mstari.

"Bosi," alisema. "Haikuwa hiyo peke yake."

"Unasemaje?"

"Majina yote yaliyokuwa na herufi iliyojirudia niliyarekebisha. Na yale yenye alama juu, nikazifuta. Na yale yaliyoandikwa kwa pumzi, ile h ya katikati. Nilidhani ni watu wa vijijini hawajui kuandika." Akahesabu kwa kidole. "Sitini na tatu. Yakaunganishwa yakawa ishirini na nane."

Mkuu wa ghala akakaa. "Basi si tunaye Mama hapa? Mama, kaa hapa. Msomee, atatuambia ipi ni ipi."

Karani akanisomea. Alisoma kama yalivyokuwa mwanzo, kutoka kwenye fomu za karatasi, pole pole, akijitahidi kuvuta panapovutwa. Viazi vya porini. Kunde. Mboga za majani za mtoni. Uyoga. Yalikuwa majina mazuri. Sikulijua hata moja.

"Hiyo si lugha yangu," nikasema. Jina la pili, "Wala hiyo." La tano, la tisa. "Hao ni watu wa ng'ambo ya mto. Hao wa juu mlimani. Sisi na wao tulikuwa tunasalimiana kwa mikono tu, baba. Muulizeni aliyetoa."

Kwenye fomu kuna safu ya mtoaji. Karani akaweka kidole. "Huyu amefariki. Huyu... amefariki. Huyu alihamia kwa mwanawe, wameandika hapa hasemi tena, kapooza. Huyu hakuacha jina, wameandika tu 'ajuza wa mwisho pale'."

"Na hizo ziada," nikauliza, "ziko wapi?"

Mkuu wa ghala alikuwa ameshachukua simu. Akaiweka mezani na kuifungulia sauti ili sote tusikie. Dereva wa lori akapokea kwenye mlio wa kwanza, mchangamfu, nyuma yake kuna makelele ya watu.

"Bosi! Huku mambo safi. Vituo vitatu nimeshamaliza, hiki cha nne."

"Usishushe kitu. Umesikia? Vilivyomo humo ni nini na nini?"

"Viazi, mboga kavu, maharage. Ni chakula tu, bosi. Mifuko yote imeandikwa vizuri, mwandiko wa Karani."

"Rudi vituo vyote. Waambie wasipike."

"Wasipike?" Dereva akacheka. "Bosi, vile vya juzi vitakuwa vimebaki hata ganda? Watu hawa walikuwa hawajaona moshi jikoni wiki mbili. Na kule nyuma mtandao hakuna, nitawaambiaje? Ngoja kwanza, kuna mama hapa ananiuliza kitu."

Tukasikia akisogeza simu. Mwanamke mmoja alisema jambo, kwa lugha ambayo sisi watatu hatukuijua, na wenzake wakacheka.

"Anasemaje?" mkuu wa ghala akauliza. "Dereva! Huyo mama anasemaje?"

"Sijui, bosi. Anaonyesha mfuko na kutikisa kichwa. Nadhani anashukuru."

Karani alikuwa amesimama. Kwenye simu tulisikia mfuko ukifumuliwa uzi, kisha kitu kikavu, kingi, kikimiminwa ndani ya debe.