Presha ya Njue

Katika shule yetu ya bweni, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kuna njia tukufu ya kukwepa mchakamchaka wa alfajiri. Unalamba chumvi, unapanda ngazi za bweni mbio, kisha unajikokota kwa nesi ukiwa umebana pumzi. Presha inapanda, unarudishwa kulala. Mimi, Njue, ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu.

Ndiyo maana kichwa kilipoanza kuniuma kweli, Nesi Nasirumbi alicheka.

“Mia na themanini! Njue, leo umelamba gunia ngapi?”

“Haki ya Mungu, madam, sijalamba kitu.”

“Ati hujalamba. Keti hapo. Hiyo ujanja itaisha yenyewe.”

Nilikaa kwenye benchi mbele ya macho yake. Sikutulia. Kila mara nilitaka kukojoa. Naye alinifuata, akasubiri mlangoni kama askari jela. Miguu ilikuwa legevu kama uji wetu. Akapima tena. Akapima baada ya chakula cha mchana. Mia na themanini, palepale.

Akaacha kucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitalini, picha ya kwanza, ile ya kupakwa mafuta baridi tumboni, haikuonyesha kitu. Nasirumbi akaniangalia kwa lile jicho la benchi.

“Madam, tafadhali,” nikasema.

Majibu ya damu yakaniokoa: potasiamu ilikuwa chini mno, na hiyo huwezi kuigiza kwa kulamba chumvi. “Kijana wa miaka kumi na sita, presha hii, damu hii?” akasema Daktari Wamae. “Huyu aende CT.”

Wakanidunga dawa, wakaniingiza kwenye mashine.

“Vuta pumzi. Ibane. Usisogee.”

Kubana pumzi nilikuwa na uzoefu nako. Kutosogea ndiko kulikonitoa jasho.

Daktari akatuonyesha picha. Dawa ilikuwa imeing'arisha figo yote, isipokuwa doa moja hafifu ukingoni, dogo kama zabibu.

“Huu uvimbe ndio unamwaga kemikali ya kupandisha presha. Ni nadra sana. Kwa kawaida si saratani, lakini lazima utoke.”

“Kwa hivyo hakuwa anadanganya,” Nasirumbi akasema polepole.

Uvimbe ulitolewa; figo ikabaki. Niliporudi shuleni, nesi alinipima: mia na kumi na tano. Akakunja uso.

“Umefanya nini ishuke hivi?”

“Madam!”

“Keti hapo.”

Niliketi mpaka kengele ya chakula, macho kwenye mshale wa kipimo, moyo juu. Haukupanda.

“Sawa,” akasema, akinivua kitambaa mkononi. “Daktari amekuruhusu. Kesho alfajiri, mchakamchaka.”

Nikakohoa kidogo.

“Hata usianze, Njue.”